Bakuli Mbele ya Picha

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa kali hunirudisha, hata leo na mvi hizi, katika ukumbi wa kanisa pale Silanga, Kibera, nikiwa mtoto wa miaka kumi, mama amenishika kifundo cha mkono. Kabla sijaendelea, msomaji wangu, acha nitenge mambo mawili, kwa maana sipendi kuyachanganya. Niliyoyaona ni haya: kaka yangu Wekesa aliondoka nyumbani Jumatatu asubuhi, amevaa shati la samawati, amebeba mwiko na timazi ndani ya gunia, akapanda lori la wajenzi. Niliyoyasikia ni mengine yote: kwamba alionekana Kampala akiuza saa, kwamba alizama mtoni, kwamba ameoa Mombasa na kubadili dini. Kati ya waliotuletea habari hizo, hakuna aliyeona kwa macho yake. Kila mmoja aliambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa.

Tulikuwa katika mwaka wa pili wa kumngoja pale mwalimu mmoja wa useremala kutoka Japani, aliyefundisha vijana jirani na kanisa, alipoleta mashine ya sinema. Jumamosi alasiri alitundika shuka ukutani, akaziba madirisha kwa magunia. Sisi watoto tulitarajia mapigano ya mapanga. Alichotuonyesha kilikuwa maisha ya watu wa kwao wa siku zile zile: magorofa yanayofanana, treni zilizofurika makarani, mvua isiyokatika, wazee wanaokula peke yao. Walisema Kijapani, na chini ya picha yakapita maandishi ya Kiingereza. Mama alikuza na kuuza mboga kando ya bwawa na hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la tano, ndimi msomi wa nyumba, nikapewa kazi ya kumsomea. Safu yetu nzima ilinitegea sikio.

"Hawa mbona hawaongei?" aliuliza Mama Achieng', muuza makaa aliyeketi nyuma yetu. "Wamekosana?"

"Wanakula," nikamjibu.

"Kwani kula kunaziba mdomo? Bwanangu akinikalia hivyo, najua ako na mwingine. Soma bwana, ama umelala?"

Sinema yenyewe ilimhusu mjane aliyeishi ghorofa ya juu. Kila asubuhi alifungua kijikabati cheusi chenye picha ya kijana, akaweka mbele yake bakuli dogo la wali, akagonga kengele isiyozidi ukubwa wa yai, kisha akazungumza na ile picha kana kwamba inamsikia. Maandishi yalipita upesi kuliko macho yangu.

"Anamwekea nani?" mama aliuliza.

Nilijibu kwa nilichokijua. Kwetu, na kwa majirani wote, asiyekuwapo wakati wa chakula hufunikiwa chake. "Mwanawe," nilisema. "Amesafiri."

Hilo lilikuwa kosa la ujinga, na mtoto husamehewa ujinga. La pili halikuwa la ujinga. Mwishoni mvua ilinyesha, na kijana mwenye koti akabisha hodi. Mjane alifungua, akamtazama kwa muda mrefu, akainama. Kijana akavua viatu, akaingia. Safari hii maandishi yalikawia, nikayasoma yote. Kijana alisema kwamba alifanya kazi pamoja na mwanawe yule mama, na kwamba amemletea saa ya huyo mwanawe. Niliyaelewa.

"Ni yeye?" mama aliuliza, na kucha zake zikazama katika ngozi yangu.

"Ni yeye, mama. Amerudi."

Mama Achieng' alilia. Neno likapita safu hadi safu, na ukumbi ukapiga makofi. Nilimwona yule mwalimu, kando ya mashine yake, akitutazama kwa mshangao. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Juma lile mama alinunua bakuli dogo la enameli, akawa akiliweka kila jioni mbele ya picha ya Wekesa, ile aliyopigwa studio ameegemea nguzo ya plasta. Humo alitia tonge la ugali na mboga, akamsimulia bei za sokoni, kodi ya nyumba, na nani ameolewa. Kulipokucha nilikula mimi chakula kile, kikiwa baridi.

Miaka miwili baadaye baba mdogo alikuja kutoka nyumbani kijijini pamoja na wazee wawili. Kwetu, mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa mgomba kwa jina lake, watu wakalia, wakanyoa, wakaendelea kuishi.

"Mama Wekesa," alisema baba mdogo kwa upole, "kijana apumzike. Nawe upumzike."

"Nimpumzishe mtu aliye njiani?" mama alijibu. "Kuna mama alingoja, na mwanawe akarudi. Barasa, waambie."

Baba mdogo alinigeukia. "Uliona kwa macho yako?"

"Niliona," nilisema.

Wazee walikunywa chai yao, wakaondoka. Mgomba haukuzikwa.

Nilikua, nikawa mwalimu, na kila riwaya ya Kijapani iliyotafsiriwa niliyoweza kuipata niliisoma, nikidhani nafuata fasihi tu. Katika ukurasa mmoja baada ya mwingine nilikikuta kile kijikabati, na picha, na wali, na kengele. Bakuli lile ni la marehemu. Anayeliweka amekwisha kuzika. Hamngoji mtu, bali anampa aliyekufa nafasi ndani ya nyumba ili walio hai waweze kuendelea na kazi na treni zao. Na ule ukimya mezani, tulioucheka, ulikuwa ukimya wa watu waliokwisha kulia. Mlo wa maombolezo ulivuka bahari ukafika Kibera, nami nikaugeuza kuwa mlo wa kungoja, nikamfungia mama yangu humo.

Mama alikuwa amehamia mtaa wa Kawangware 46 nilipokwenda, Jumapili moja, kumweleza. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta akipakua, na bakuli la enameli lilijazwa kabla ya sahani yangu.

"Wekesa, mdogo wako amekuja," aliiambia picha. "Amenenepa. Ualimu unalipa siku hizi."

Kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Yule mama wa sinema, alingoja miaka mingapi?"

Maneno yote niliyoyapanga yalikuwapo mdomoni.

Habari za kifo chake niliambiwa kwa simu. Nilikuwa mbali, na yale ambayo wengine wanasimulia juu ya saa zake za mwisho, na jina aliloliita, sitayarudia hapa, kwa sababu sikuwapo. Ninaloweza kuliapia ni la Jumapili ile. Aliniuliza miaka mingapi, nami nikamjibu, "Haikuandikwa, mama." Alitikisa kichwa kukubali, akanisogezea maji ya kunawa.