Waliniomba Kohozi, Nikawapa Mate

Naitwa Deo, nashona nguo Kiboriloni, chini ya mlima. Ushonaji sikufundishwa na mtu. Nilinunua makoti ya mitumba yaliyochanika, nikayafumua mshono mmoja mmoja mpaka nikaelewa yalivyounganishwa, kisha nikayashona tena. Mshono ukipinda kidogo tu nafumua naanza upya, hata kama mteja ameshasema ni mzuri. Dada yangu Anita, ninayekaa naye, huniambia, "Kaka, wewe hata ukifa utaamka urekebishe sanda." Naeleza haya mnijue nilivyo, kwa sababu ugonjwa wangu ulipitia hapo hapo.

Kilianza kikohozi. Ulikuwa msimu wa baridi, mlima umejifunika wiki nzima, na kila mtu mjini alikuwa na mafua. Sikushtuka. Nikanywa tangawizi, kikohozi hakikusikia. Likaja jasho: naamka fulana imelowa kama imetolewa kwenye beseni. Suruali zikaanza kunivuka. Nikawa nazipunguza kiuno mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka Anita akaninyang'anya mkasi.

"Unapunguza suruali au unajipunguza wewe? Kesho zahanati."

Zahanati walinisikiliza kifua, wakanipa kikopo chenye mfuniko. "Asubuhi kabla ya kula, tuletee kohozi," nesi akasema. "Kohozi, siyo mate."

Nilisikia vizuri. Lakini mimi nimekulia juu mlimani, kwenye nyumba ambayo mate na kohozi havikuwa na heshima moja. Babu alikuwa akitutemea mate kidogo kwenye paji la uso tukitaka kusafiri. Hiyo ilikuwa baraka, na hatukuifuta. Kohozi ulikwenda kulitema nyuma ya migomba, ukalifukia mtu asilione. Sasa nimpelekee dada wa watu, aliyevaa nguo nyeupe, lile dude la kijani? Asubuhi nikapiga mswaki mara mbili, nikasukutua kwa dawa ya mdomo, nikakusanya mate masafi kabisa. Na kikopo nikakifuta kwa nje.

Majibu yakatoka: hakuna vimelea vya kifua kikuu. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Wakanipa dawa, wakaniambia nisipopata nafuu nirudi. Sikurudi. Majibu mazuri ninayo, ya nini kuyachokoza?

Kifua kikaendelea na kazi yake. Upande wa kulia ukawa mzito. Nikivuta pumzi ndefu kuna kitu kinanichoma chini ya ubavu, kama pini iliyosahauliwa ndani ya nguo. Nikajifunza kupumua kwa vipande. Sentensi moja tu, napumzika katikati. Siku moja niliinuka kumfungulia Anita mlango, sikufika. Alinikuta sakafuni, midomo imebadilika rangi. Akaita bajaji.

Hospitalini walinibana kidoleni kifaa kidogo kama kibanio cha kuanikia nguo, wakaangalia namba, wakatazamana. Nikawekewa mipira ya oksijeni puani. Kisha picha ya kifua. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye utani, alinionyesha: pafu la kushoto jeusi kama inavyotakiwa, la kulia nusu nzima ya chini ni nyeupe.

"Huu weupe ni maji. Pafu limebanwa, halina pa kutanukia. Tunayatoa."

"Kwa nini, daktari? Namaanisha, kwa kitu gani?"

"Sindano. Kubwa. Fundi nguo unaogopa sindano?"

Niliogopa sana. Walinikalisha nimeinamia meza yenye mto. Akanigonga mgongoni kwa vidole, akisikiliza mahali sauti inapokufa. Ganzi ilichoma. Baada ya hapo nilisikia msukumo tu, na kuvutwa ndani mahali ambapo sikujua kama nina hisia. "Usikohoe, usijitingishe." Nami, kwa ugonjwa wangu ule mwingine, nikauliza, "Daktari, una hakika umenyoosha?"

"Fundi, tulia. Kitambaa hiki ni changu."

Maji yalitoka ya rangi ya chai nyepesi, chupa ikajaa, nikavuta pumzi. Pumzi ikashuka! Nililia bila aibu.

Baadaye akaniuliza kuhusu kile kipimo cha zahanati. Nikamweleza ukweli wote, mswaki na dawa ya mdomo. Alicheka mpaka akashika kitanda. Halafu akaacha.

"Deo, ungekufa ukiwa na mdomo msafi."

Kesho yake nesi mtu mzima alinipeleka nje, penye hewa. "Sukutua kwa maji matupu, yanatosha. Vuta pumzi mpaka chini. Ishike. Itoe. Tena. Sasa kohoa, lakini kutoka tumboni, siyo kooni." Mara ya kwanza nilitoa mate. "Hayo peleka kwenu," akasema. Nikavuta tena, nikakohoa mpaka macho yakatoa machozi, na likatoka: zito, la njano, lina uzi wa damu. Nikataka kuficha kikopo.

"Hilo hapo! Hongera, baba!"

Mashine ya maabara ikasoma kifua kikuu. Niliogopa, lakini hofu ya safari hii ilikuwa na jina, na jina lile lina dawa.

Mama akashuka kutoka mlimani na mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ndani ya chupa ya chai. "Shikamoo, mama," nikamwambia. "Mtori si wa mzazi aliyetoka kujifungua?" Akaitazama ile chupa ya maji ya kifua, iliyokuwa bado kando ya kitanda. "Na wewe si umezaa? Kunywa."

Yeye na Anita walipimwa pia, wakakutwa salama. Mimi nikameza vidonge kila siku kwa miezi sita. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa, na mwanzoni tumbo lilichafuka. Nilifundishwa kupuliza mrija ndani ya chupa ya maji ili pafu litanuke. Nikapuliza mpaka kizunguzungu, nesi akanigombeza kwamba si mashindano. Kipimo cha mwisho kilikuwa safi, na safari hii kilikuwa safi kweli.

Namshukuru Mungu, na Anita, na mama, na wale wote walioshika uchafu wangu bila kukunja uso. Wewe unayekohoa zaidi ya wiki mbili, nenda. Ukifika, usijipambe kwa daktari. Mpe kile kile unachokionea aibu, ndicho anachokitafuta.

Mimi ni mzima. Juzi vumbi la sokoni lilinikohoza, Anita akanikazia macho. Nikamwambia asiwe na wasiwasi: kikohozi kikidumu nitakwenda mwenyewe, na nitakwenda na kohozi.