Saa Moja na Robo Hadi Mwanza

Kaka yangu alihamia Mwanza kufundisha sekondari. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na ndiye aliyenifungulia duka langu la vitambaa hapa Arusha, mtaa wa Kwa Mrombo. Kila aliponiuliza nitakwenda lini kumsalimia, nilimpa jibu lile lile.

"Kaka, kutoka uwanja wa Arusha hadi huko ni saa moja na robo tu. Siku yoyote nakuja."

Sikuwa namdanganya, nilikuwa nimeangalia kwenye simu. Kwa basi ni kutwa nzima barabarani, kwa ndege hata maharage hayajaiva. Kwa kuwa ni karibu hivyo, nikawa siendi. Miaka minne ikapita.

Mwezi wa saba, mke wake alinipigia asubuhi, nikiwa nafungua duka.

"Wifi, figo zimekataa. Daktari anasema tuwaite ndugu. Njoo leo."

Ndege ya siku hiyo ilikuwa imeshaondoka. Basi la jioni lilikuwa na nafasi, lakini nilifikiria usiku kucha kwenye kiti nikakata tiketi ya ndege ya kesho yake.

"Mwambie saa nne asubuhi nitakuwa hapo kando ya kitanda chake," nikasema.

"Atafurahi. Nitamnyoa ndevu."

Asubuhi ya kesho yake wingu lilikuwa limeshuka kutoka Mlima Meru hadi kwenye mashamba ya Kisongo, ulipo uwanja wa Arusha. Tuliisikia ndege ikizunguka juu yetu, hatukuiona. Kisha mlio ukapotea. Mhudumu akaja kutuambia imekwenda kutua uwanja wa Kilimanjaro, nasi tutapelekwa huko kwa gari. Tukavuka mji wote. Tulipofika Maji ya Chai tukakuta lori limelala katikati ya barabara, magari yamesimama pande zote mbili.

Saa nne ikanikuta hapo. Wifi akapiga, akamwekea kaka simu sikioni.

"Uko wapi?" Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliye chumba kingine.

Dirishani kwangu mama mmoja alikuwa akiniinulia sahani ya ndizi. Nilishindwa kutamka jina la mahali pale.

"Tumeshapanda, kaka. Ndiyo tunaondoka."

"Haya. Saa moja na robo," akasema. "Nakusubiri."

Nilifika hospitalini saa kumi jioni. Alikuwa amenyolewa vizuri, amevalishwa shati jeupe. Wifi alinitoa nje kwanza.

"Amekata kauli saa saba. Kabla ya hapo alikuwa anauliza saa tu. Kila baada ya muda kidogo, saa ngapi, saa ngapi."

Nilimshika mkono. Macho yake yalinitazama, kisha yakarudi mlangoni. Sijui kama alinitambua. Alfajiri ya siku ya tatu akafariki.

Tulimrudisha nyumbani kwetu, mkoani Kilimanjaro, tukamzika kando ya baba. Watu walipotawanyika, wifi akaniuliza, bila ubaya, "Siku ile mlikwama wapi hasa?"

Nikamweleza wingu, nikamweleza lori. Akatikisa kichwa, akanipa pole. Nilitaka kumwambia kwamba kaka alihesabu dakika kwa sababu yangu, kwamba nilipomwambia nimeshapanda nilikuwa nimekaa ndani ya gari lisilosogea. Nikapokea ile pole. Basi lile la jioni, nilikuja kuambiwa, liliingia Mwanza mapema asubuhi.