Gesi ya Kuni na Injini Pekee ya Izimbya

Siku ya kwanza kazini nilipewa panga, gogo la mkaratusi na debe tupu. Aliyenipa ni Bruda Mkuu wa Karakana, mtawa aliyesimamia karakana ya misheni pale Bukoba. Siku mbili kabla nilikuwa nimembania bei ya ngoma ya breki ya lori pale sokoni Bukoba, mpaka akacheka na kusema mtu mbishi kama mimi heri awe upande wake. Sasa aliniagiza nikate vipande vya ukubwa wa kidole gumba hadi debe lijae.

"Kidole gumba cha nani, Bruda?" nikauliza. Nilikuwa mchuuzi wa vyuma chakavu, na mtu wa sokoni hakubali kipimo kabla hajajua ni cha nani.

Akanyoosha chake. Kilikuwa kinene kama ndizi mbivu. "Changu. Ukishajaza debe hilo, jaza jingine."

Nilikata vipande mwezi mzima. Nilidhani ananilipizia ile ngoma ya breki. Kumbe ngoma yenyewe ndiyo ilikuwa moyo wa mtambo, na vile vipande ndivyo chakula chake.

Kwa ninyi ambao hamjauona mtambo huu, nieleze kidogo. Injini haili kuni, inakula gesi. Unasimamisha pipa la chuma, na ndani, upande wa chini, unachomelea ngoma ya breki iliyobanwa katikati. Hapo tunapaita kooni. Vipande vya mti vinashuka kutoka juu, hewa kidogo inaingia kwa matundu ya pembeni. Kuni iliyonyimwa hewa haiwaki sawasawa, inafuka tu. Moshi ule ukilazimishwa kupita kwenye makaa mekundu pale kooni, unageuka gesi inayowaka. Unaipoza kwenye mabomba, unaichuja kwenye pipa la pili lililojaa katani, kisha unaipeleka kwenye injini. Injini ya dizeli bado itataka dizeli kidogo ya kuwashia, ila pale ilipokunywa lita nne sasa inakunywa moja. Vipande vikiwa virefu vinakwamana juu kama daraja, kooni kunabaki tupu na gesi inakatika. Ndiyo maana ya kidole gumba cha Bruda.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa fupi zaidi. "Gesi hii haina harufu na inaua. Kichwa kikianza kukuuma, usitafute dawa. Tafuta mlango." Kwa hiyo mitambo yetu yote tuliiweka nje, chini ya kibanda kisicho na ukuta.

Baadaye nilipelekwa Izigo, kwenye tawi la karakana, chini ya Fundi Msimamizi. Huyo alikuwa mtu wa maneno ya kupima. Kila mshono wa kuchomelea alitaka upakwe povu la sabuni ili kuona kama hewa inapenya, na upakwe mara mbili.

"Mara ya kwanza unatafuta tundu," alisema. "Mara ya pili unatafuta uongo wako."

Tabia hiyo nilikuwa nayo tangu sokoni, kuhesabu kila kitu mara mbili, ila yeye aliipa heshima ya ufundi. Nikatoka Izigo najiona nimekamilika. Hapo ndipo nikapelekwa Izimbya.

Izimbya kulikuwa na mashine moja ya kusaga, ya kikundi cha akina mama, na injini moja ya dizeli. Dizeli ilipopanda, mashine ikawa inasaga siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine mama alijitwika mahindi au muhogo akatembea saa mbili kwenda kijiji cha jirani, na saa mbili kurudi. Mwenyekiti wao alikuwa Ma Adelina, mama mrefu, mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Kwa miaka mingi alikuwa mpokeaji wa kahawa kwenye chama cha msingi.

Nilijenga mtambo kwa wiki tatu. Siku ya kuwasha, wanakikundi walileta vipande kwenye magunia. Nikahesabu kumi na manne. Nikahesabu tena, kumi na manne. Nikauliza, "Kuni zimekauka?"

"Zimekauka, waitu," wakajibu kwa pamoja, kwa lile neno la heshima la Kihaya.

Injini ikanguruma, watu wakapiga vigelegele. Siku ya nne ikakohoa na kuzima. Nilipofungua kichwa cha injini nikakuta valvu imeganda kwa lami nyeusi, inanata kama asali iliyoungua, na ufito unaoisukuma umepinda. Ndivyo kuni mbichi zinavyofanya. Maji yanapooza makaa ya kooni, moshi unapita bila kugeuka gesi, na lami yake inakwenda kulala kwenye injini.

Sasa hata zile siku mbili za wiki hazikuwepo. Asubuhi nilikuwa nawaona akina mama wakipita barabarani na mizigo kichwani, wananisalimia kwa adabu zote. Afadhali wangenitukana.

Bruda Mkuu akaja na pikipiki. Akatazama valvu, akanitazama mimi.

"Injini nyingine hawana, na karakana haina ya kuwapa," akasema. "Hii tutaitengeneza. Nakupa mwezi mmoja, kisha nakuja kuifungua mbele yao. Nikikuta lami, pipa linarudi Bukoba kuwa chuma chakavu. Na wewe unarudi sokoni kuliuza."

"Kwa bei gani?" nikamuuliza. Alicheka kidogo, lakini masharti hayakubadilika.

Nikamfuata Ma Adelina kwake, nimejiandaa kulaumu. Nikamwambia kuni zao zilikuwa mbichi na waliniambia zimekauka.

"Zimekauka," akasema. "Zinaivisha matoke vizuri kabisa. Injini yako inapika matoke?"

"Hapana, Ma."

"Uliona magunia ukahesabu. Ukahesabu tena. Mimi nikasema, huyu fundi anajua hesabu. Uliweka mkono ndani?"

"Sikuweka."

"Miaka yote nimepokea kahawa, sijawahi kupokea gunia, fundi. Nilipokea kahawa iliyo ndani ya gunia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. "Hukuniuliza mimi," akajibu. "Uliuliza umati."

Kisha akaingia ndani, akatoka na konzi mbili za kahawa ya maganda. Akatikisa ya kwanza karibu na sikio langu. Kimya. Akatikisa ya pili, ikalia ndani ya maganda yake, chakacha, chakacha. "Kavu inaongea," akasema. "Mbichi imejaza maji mdomoni."

Tukachukua kopo, tukatia vipande vya kuni za magunia yale, tukatikisa. Vilitoa sauti nzito ya viazi. Akachukua vipande vingine vilivyokaa juu ya dari ya jiko lake tangu kiangazi, akatikisa. Vililia kama vigae. Nimeshika vyuma maisha yangu yote na sikuwahi kusikia tofauti iliyo wazi hivyo.

Kuanzia hapo kazi ilisimamiwa na yeye. Vipande vilianikwa kwenye vichanja vya kahawa, vikageuzwa kwa reki, na mvua ilipotishia vikaingizwa ndani kabla hata ya nguo. Mwenye kuni alitikisa kopo mbele yake. Alimrudisha dada yake wa tumbo moja na mzigo wake mzima. "Udugu ni nyumbani, dada," alimwambia. "Hapa ni sikio." Mimi nilitikisa kopo lile lile baada yake. Aliniona, akaniacha.

Mwezi ulipokwisha, Bruda Mkuu akaja. Akina mama walikuwa kwenye foleni na mahindi yao, hakuna aliyeondoka. Alifungua kichwa cha injini mwenyewe, taratibu. Nilitazama mikono yake kwa sababu sikuweza kutazama valvu. Akapitisha kile kidole gumba kwenye valvu, akakiinua juu. Kilikuwa na vumbi la kijivu, basi. Akakifuta, akakipitisha kwenye valvu ya pili. Kijivu.

"Injini ni nzima?" akauliza Ma Adelina.

"Nzima, Ma."

"Basi funga, Bruda. Watu wana mahindi."

Baada ya Izimbya nilijenga mingine, na mingine nilikataa kuijenga. Kule kisiwani Goziba, msimamizi wa kambi ya wavuvi alitaka mtambo wa kuwashia taa. Nilizunguka kambi nikihesabu miti: kumi na mmoja. Nikarudi njia ile ile: kumi na mmoja. Nikamwambia kuni za kuja kwa boti ni dizeli iliyovaa magome. Alikasirika, akanipa samaki wawili wa safari.

Leo nimestaafu. Bruda Mkuu na Fundi Msimamizi wamelala, Mungu awarehemu. Walinichukua kutoka kwenye rundo la vyuma na hawakuniuliza cheti. Ma Adelina yupo, hasikii vizuri siku hizi, na bado namshukuru kila ninapokwenda kumsalimia. Lazima nipaze sauti, na jirani zake wote sasa wanajua ninamshukuru kwa nini.

Umeme umefika Izimbya, mashine ya kusaga inazungushwa na mota. Mwezi uliopita kikundi kiliniita kwenye kikao. Injini ile ya zamani imekaa bure, wakasema, na maji yako bondeni. Je, inaweza kuvuta maji kutoka kule hadi zahanati, kwa gesi ile ile ya kuni?

Nikashuka bondeni na kamba, nikapima, nikawaambia inaweza. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu upya, mstari kwa mstari. Kisha nikawapigia simu: inaweza.