Bomba la Moshi la Mke Mwenza

Juzi nilivuka kwenda bara, harusini. Mpwa wangu alinipokea Mokowe na gari lake jeupe, dogo, linalonukia kama duka la marashi. Hatujafika mbali, askari wa barabarani akatunyooshea mkono. Akalizunguka gari, akaigusa tairi kwa ncha ya kiatu, akainama kuchungulia uvunguni, kisha akauliza lilikaguliwa lini. Mpwa wangu alikuwa akinung'unika chini kwa chini. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu kiti cha nyuma, hadi akageuka kuniuliza nina nini. Nikamwambia twende, mwanangu, nitakueleza. Harusi ikatumeza, sikumweleza. Basi nakueleza wewe.

Nyanya yangu, mzaa mama, alikuwa na gari. Wewe unayeijua Amu, kisiwa chetu cha Lamu, utastaajabu, maana pale kwetu Langoni hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hulazimika kurudi nyuma. Gari lenyewe halikukaa mjini. Lilikaa ng'ambo, Mokowe, chini ya banda la makuti, na sisi wajukuu tulivuka na Nyanya kulifuata kila shule zikifungwa, tukakaa naye kwenye kijumba kilichokuwa kando ya banda. Ilikuwa landrova kuukuu, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambayo babu aliinunua ikiwa imeshatumika na watu wengine. Babu alikuwa akikusanya mazao mashambani, ndizi, simsim, matikiti, na kuyaleta gatini. Alipofariki, gari lilimwangukia Nyanya, naye akaishika kazi ile kama aliyezaliwa nayo.

Hii ilikuwa miaka ya mwanzo ya sitini, na mashamba ya bara yalikuwa yamejaa watu. Asubuhi tulilipangusa gari kwa maji ya kisima, kwa sababu ya chumvi. Nyanya aliamini chumvi ya pwani hula chuma kama mchwa alavyo mti. Tukapakia magunia matupu, tukapanda. Hadi leo nikisikia harufu ya ndizi mbivu ikichanganyika na petroli, najiona mtoto anayekwenda matembezi.

Dereva alikuwa mtu wa Kiunga, mpole, msemaji mchache. Hata angekuwa msemaji, nani angemsikia? Gari lile lilinguruma. Akina mama mashambani walilisikia lingali mbali, wakaanza kutoa mizigo yao kando ya njia. Ndani hatukuweza kuzungumza. Nyanya alikaa mbele, mimi na mdogo wangu tumebanwa katikati, na alipotaka gari lisimame aligonga kwa pete yake kwenye bati la mbele. Tukifika nyumbani vichwa vinatuuma, mdogo wangu mara nyingi anatapika. Nyanya alitupa ndimu tunuse. Alisema ni mitikisiko ya njia.

Kila mwaka alikuja mkaguzi wa magari. Aliyetangulia alitazama taa, akapiga honi, akanywa chai ya tangawizi, akaondoka zake. Mwaka huo alikuja mwingine, mtu wa bara ya mbali, huko milimani, mrefu, kaki yake imenyooshwa mistari. Alitandika gunia, akavua kofia, akaingia chini ya gari kwa mgongo. Alipotoka alimwambia dereva awashe moto. Kisha akachukua tambara, akalisokomeza kwenye mdomo wa bomba la moshi huko nyuma, akalishikilia kwa nguvu. Gari likaendelea kunguruma kana kwamba halikuguswa. Moshi ukawa unapanda taratibu, bluu, pale penye kiti cha Nyanya.

"Mama," akasema, "wewe hukaa wapi ndani ya hii gari?"

"Hapo mbele. Na wajukuu wangu."

"Vichwa haviwaumi?"

Nyanya alitugeukia, akatutazama mmoja mmoja, na nikaiona rangi ya uso wake ikibadilika.

"Huu moshi huua mtu akiwa ameketi tu," mkaguzi akasema. "Anadhani ni usingizi. Siwezi kuipitisha. Niko Lamu mpaka Jumamosi, asubuhi hiyo nitapita hapa. Ukiitengeneza nitaiangalia tena. Isipokuwa tayari, itangoja mpaka nirudi mwakani."

"Mwakani, Bwana? Na matikiti ya watu yaliyo mashambani?"

"Matikiti huota tena, mama."

Akakunja gunia lake, akaondoka.

Akaitwa fundi kutoka Langoni. Alizimwagia nati mafuta ya taa, akaziacha zinywe, kisha akazitia spana. Zilipukutika mkononi mwake kama biskuti. Bomba lote lilikuwa limeliwa, na salensa, kile kidude cha kuzima mngurumo, ilikuwa na tundu ambamo mdogo wangu aliweza kupitisha ngumi. Fundi akasema ni kubadilisha tu, haiungiki. Bomba jipya lilikuwa Mombasa, na mvua za huko mtoni zilikuwa zimekwisha kuikata njia. Akajifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasema polepole, bila kumtazama Nyanya, "Bomba zima liko. Liko kwenye lile lori la Kililana."

Nyanya akampa mgongo.

Lori la Kililana lilikuwa la mke mwenza wa Nyanya. Babu alikuwa na nyumba mbili, moja Amu na moja shambani Kililana. Alipokufa, Nyanya alirithi landrova na yule wa Kililana akarithi lori. Haukupita hata msimu mmoja, lori likafa. Yule bibi akatuma maneno Amu kwamba Nyanya ametwaa gari lenye roho akamwachia mzoga. Nyanya akarudisha maneno mengine, ambayo sikuwahi kuambiwa. Tangu hapo hawakuonana wala kusalimiana, na kwetu hakutajwa ila kwa kusema "yule wa Kililana".

Kesho yake kulipopambazuka Nyanya alivaa buibui lake, akaniambia nitie viatu. Tukaenda kwa miguu, mimi, yeye na dereva aliyebeba spana na jeki. Tulipotoka kidogo, Nyanya akarudi nyumbani, akachukua mikate ya mofa, akaifunga kwenye leso. Nadhani aliona aibu kwenda mikono mitupu.

Tulimkuta ameketi uani anapepeta simsim. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono mirefu, kichwa amekifunga kitambaa cheupe. Lori lilikuwa pale pale nyuma yake, mimea ya maboga imelipanda hadi kwenye paa, na kuku ametagia kwenye kiti cha dereva.

"Hodi," Nyanya akasema.

"Karibu," akajibu kabla hajainua uso. Kisha akauinua. Ungo ukasimama mkononi.

Wakasalimiana kwa maneno yote ya salamu, bila kuruka hata moja, kama watu wanaokaguana. Mwisho yule bibi akanielekezea kidevu. "Huyu ni wa nani?"

"Wa binti yangu."

"Ana mato ya babuye," akasema, akinitazama machoni.

Nyanya akavuta pumzi. "Nimekuya kuomba," akasema. Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Kuomba nini, nawe una gari lenye roho?"

"Gari lenyewe lataka kutuua, mimi na huyu na nduguye. Bwana wa ukaguzi amelizuia. Bomba la moshi limeoza. Lori lako lina bomba zima. Nakuomba unipe."

Yule bibi akapepeta tena kidogo, makapi yakapeperuka, akauweka ungo chini. "Kwanza muketi mule chakula. Simpi kitu mtu alosimama mlangoni."

Tukala wali wa nazi na kunde, na ile mikate ya mofa aliigawa kwa mkono wake. Hakuna aliyetaja bomba. Tulipokaribia kumaliza ndipo akasema, huku akitazama sinia, "Tangu azikwe bwana, ndizi zangu nazipeleka Mokowe kwa punda. Nusu zafika zimepondeka. Gari lako lapita ndia kuu, nalisikia. Kila likipita natoka nje, nasema yeo pengine litakata kona. Halikati."

Nyanya aliliweka tonge chini. "Sikujua kuwa wangoja."

"Ungejuaje? Hatusemi."

"Litakata," Nyanya akasema. "Wallahi litakata."

Yule bibi akainuka, akatwaa panga, akaikata mwenyewe mimea ya maboga iliyolifunga lori, akamwondoa kuku kwa upole na mayai yake akayatia kwenye kikapu. Dereva akaingia chini. Kule mbali na upepo wa bahari kutu haikuwa kali, na kabla ya alasiri bomba na salensa vilikuwa vimelala kwenye majani, vyeusi, virefu kuliko mimi. Tulipokuwa tukivifunga kwenye punda wake, yule bibi alitoka amevaa buibui. Alisema anataka kuona chuma chake kinakokwenda.

Kazi ilichukua siku zilizobaki. Bomba la lori lilikuwa pana na refu, ikabidi fundi alikate, alipasue upande mmoja, alikaze kwa vyuma. Alilining'iniza kwa vipande vya tairi kuukuu ili lisitikisike hadi kukatika. Sisi watoto tuliokota nati zilizoanguka mchangani. Yule wa Kililana akalala kwetu siku zote hizo. Wale mabibi wawili walipika kwenye jiko moja, na mwanzoni walizungumza kupitia kwangu. Muulize nyanyako chumvi iko wapi. Mwambie huyo chumvi iko mbele ya mato yake. Hadi nikachoka, nikakimbilia kwa fundi, na wao wakabaki hawana wa kumtuma.

Jumamosi mkaguzi akaja, akatandika gunia lake, akaingia chini. Tulisikia akigonga hapa na pale. Akatoka, akawashisha gari, akasokomeza tambara lake kule nyuma, akashikilia. Gari likakohoa mara moja likazimika, maana moshi ulikosa pengine pa kutokea. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akitabasamu.

"Sasa inatoa moshi panapofaa. Bomba mmepata wapi?"

"Kwa mke mwenzangu," Nyanya akasema, akimwonyesha.

Mkaguzi akawatazama wote wawili, akapangusa vumbi magotini. "Mama yangu pia ana mwenzake huko kwetu," akasema. "Tangu nizaliwe sijaona wakisalimiana." Akavaa kofia yake, akaenda kulitazama gari jingine.

Safari ya kwanza tuliyoifanya baada ya hapo siisahau. Gari lilikuwa limetulia hadi dereva akawa anatazama miguu yake, akihofia moto umezima. Akina mama mashambani hawakutoka, maana hawakutusikia, ikawa kila kona ni kupiga honi. Mimi niliketi katikati ya mabibi wawili. Kwa mara ya kwanza kila mtu alisikia mwenzake akipumua. Tulikwenda hivyo kitambo, wote wanatazama mbele, mpaka yule wa Kililana akasema, "Bwana alikuwa akila bamia kwako?"

"Bamia? Hata kuiona. Alisema humtia kichefuchefu."

"Kwangu alikula sahani mbili."

Nyanya akageuka, akamtazama. Kisha nikahisi bega lake linatikisika, na upande wa pili bega lingine nalo likaanza. Walicheka hadi dereva akasimamisha gari akidhani kuna anayelia. Na tangu siku hiyo ndani ya gari lile hakukuwa tena na ukimya. Vichwa navyo havikutuuma tena.

Miaka michache baadaye amani ilivurugika bara, na watu wakaanza kuyahama mashamba. Gari la Nyanya halikubeba matikiti tena, lilibeba watu na vitanda vyao. Katika safari za mwisho lilimleta yule wa Kililana na sanduku moja, ungo wake na kuku wawili. Nyanya alikuwa amekwisha kumtandikia chumba cha juu kule Langoni, chenye upepo. Hakumuuliza atakaa hadi lini. Walikaa pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha, wakigombana kuhusu chumvi kila siku ya Mungu.

Banda la makuti halipo, na mahali liliposimama sasa pamewekwa lami. Mashamba mengi yalirudi kuwa mwitu, mengine yana wenyewe wapya. Gari lenyewe sijui liliishia wapi. Siku hizi wanangu na wajukuu zangu wakipita Langoni huinyooshea kidole ile nyumba na kusema, pale ndipo kwa kina Nyanya. Hawajui yupi alikuwa wetu wa damu na yupi hakuwa, na sijaona sababu ya kuwaambia.