Kulungu Kumi na Mmoja Kwenye Misonobari

Mpwa wangu Hodan, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amebakiza siku moja tu ya kuhesabu kulungu wa mwituni. Alitaka kujua wako wangapi katika msitu wa misonobari, na kama huishi mmoja mmoja au kwa makundi. Mara mbili alikuwa amerudi bila kumwona hata mmoja, na mwalimu wake alishamwambia kwamba ikiwa hivyo tena, abadilishe mada. Mwenzake wa kuhesabu naye akashikwa na homa. Basi akanipigia simu mimi, dereva wa basi niliyechunga mbuzi utotoni kule Garissa.

Alfajiri nilitoka mtaani kwangu Shard End, huku ughaibuni, nikampitia kwao mtaa wa Sparkhill. Njia nzima alipekua daftari lililokuwa mapajani.

Saa mbili asubuhi tulikuwa msituni, kaskazini mwa jiji. Ilikuwa majira ya baridi na miti mingine ilibaki matawi matupu, lakini misonobari ilikuwa kijani kibichi, imesongamana hadi mwanga unapenya kwa shida. Mlinzi wa msitu, bwana mpole aitwaye Graham, alitumiminia chai kutoka kwenye chupa yake, kisha akatuonyesha mstari wa kufuata hadi upande wa pili.

Nilihisi upepo kisogoni.

"Hodan, tukienda hivi harufu yetu itatutangulia. Hatuwezi kuanzia kule mwisho?"

Akafikiri kidogo. "Mstari ni uleule, mjomba. Inaruhusiwa."

Graham akatabasamu. "Hata mimi ningezunguka."

Tukazunguka. Saa nzima hatukuona kitu ila kinyesi kibichi na nyayo. Kisha, ukingoni mwa uwazi mdogo, sikio likatikisika. Majike na watoto wao, rangi ya majani makavu, walikuwa wanakula taratibu. Utaratibu ni kila mtu ahesabu peke yake, kisha tulinganishe. Hodan aliandika tisa. Mimi niliandika kumi na mmoja.

"Umezidisha, mjomba," akanong'ona.

"Wawili wamelala nyuma ya kile kisiki. Angalia masikio."

Tukasubiri mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi. Mwishowe wale wawili wakainuka, wakajikung'uta, wakajiunga na wenzao. Hodan akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mbele kidogo tukakuta dume peke yake, pembe zake zina matawi.

Mchana, tulipomrudia na hesabu yetu, Graham alitushika mikono kwa zamu, akafurahi kana kwamba kulungu ni wake.

Wakati wa kurudi, Hodan alimpigia mama yake akamsimulia yote, mpaka tukafika mlangoni kwao simu ingali sikioni.

Nilichojifunza ni hiki: kwenye kipande kikubwa cha msitu hatukuona hata mnyama mmoja, kumbe wengi walikuwa wamekusanyika mahali pamoja. Anayepita haraka, upepo ukiwa mgongoni, atarudi kusema kwa dhati kwamba msitu ule ni mtupu.