Kikao cha Corinne na Mlango wa Klimczak

Ijumaa ile simu ya Arlene Mroczek ilikataa kulia. Alikuwa ameiweka juu ya meza ya jikoni, kando ya samaki wa kukaanga ambaye binti yake hakumgusa, na mara kwa mara aliisogeza kidogo, kana kwamba ikikaa vizuri italia. Nje theluji ilikuwa ikianguka taratibu.

"Mama, ukiikodolea macho hivyo itaogopa," Corinne alisema.

"Kula samaki wako."

Waliyekuwa wakimsubiri ni Ray Klimczak, mdhamini wa parokia, mwenye ufunguo wa ukumbi ulio chini ya kanisa. Asubuhi mwalimu wa Corinne angekuja kumtazama akiongoza kikao chake cha mwisho. Kikao kikifanyika, cheti kingekuwa chake. Kisipofanyika, angerudia muhula, na kazini walishamwambia hakuna ruhusa nyingine.

Cheti chenyewe kilikuwa cha chuo kikuu, cha watu waliokwisha kupata shahada, na somo lake ni ubunifu. Mtaa mzima ulicheka. Dada yake Arlene aliuliza mbele ya foleni ya buchani kama siku hizi watu wanalipa ada ya kuota ndoto. Arlene naye alicheka kidogo, kwa aibu. Ndivyo alivyokuwa. Aliacha shule mapema akaingia kiwanda cha peremende, akamzika mume aliyeugua mapafu, na maisha yake yote aliomba radhi hata pale alipokanyagwa yeye.

Lakini alikuwa mtu wa kutazama. Corinne alikuwa muuguzi wa nyumba ya wazee, na kwa miaka alirudi nyumbani mdomo umefungwa, akaketi ndani ya gari lililozimwa mpaka vioo vikaganda. Tangu aanze masomo yale, aliingia moja kwa moja, akivua buti na kusimulia. Leo tumejaribu hivi, wamekataa, kesho tutajaribu vile. Arlene hakuelewa nusu ya maneno. Ila lile gari hakuliona tena likikaa na mtu ndani.

Kwa kazi yake ya mwisho Corinne alichagua jiko la parokia, mle ukumbini, ambako mama yake na wenzake hukanda unga na kujaza pirogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, kila wiki. Mikono ilikuwa inazeeka, na swali aliloliandika ukutani lilikuwa moja: tutapataje mikono mipya? Kikao cha kwanza kilikuwa na sheria kali. Hakuna kusema hapana. Kila wazo liandikwe kwenye karatasi ya rangi na kubandikwa, hata la kipuuzi, na lisiguswe mpaka kikao cha pili, siku ya kuchagua. Wale wanawake, ambao kazi yao maisha yote ilikuwa kuambiana hapana, walilewa uhuru. Lottie Bielak, mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliandika: "Tugome mpaka Pasaka." Kisha: "Klimczak avae aproni, apike yeye."

Karatasi zilibaki ukutani, kama sheria ilivyotaka. Klimczak aliingia kuzima taa, akazisoma zote akidhani ni maazimio ya mkutano. Alizibandua, akazitia kwenye mfuko wa takataka, akampelekea Arlene mlangoni kwake na kusema atafikiri kama ukumbi utafunguliwa tena.

Simu ililia karibu na wakati wa kulala.

"Arlene, dada yangu," Klimczak alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Binti yako aombe radhi kwa barua, isomwe kanisani Jumapili. Hapo nitafungua."

Arlene alimtazama Corinne, aliyeisikia sauti ile na tayari alikuwa amefumba macho na kuitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka. Neno "samahani" lilikuwa limefika kwenye ulimi wa Arlene, mahali pake pa siku zote.

"Hapana, Ray," alisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Hajamkosea mtu. Alituomba tufikiri, tukafikiri."

"Basi mlango haufunguliwi."

"Sawa. Sisi tutakuja."

Alikata simu akaigeuza kifudifudi mezani. "Mama," Corinne alisema, "umeniharibia."

"Huenda. Lala."

Asubuhi wanawake wote wa jikoni walikuja, wamejifunga skafu mpaka puani. Mwalimu, mwanamke mfupi mwenye kofia ya sufu, alisimama pembeni. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka na kivuli cha Klimczak kilionekana dirishani. Arlene aligonga. Kivuli hakikusogea.

"Ray, tuna baridi," aliita.

"Barua iko wapi?" sauti ilijibu kutoka ndani.

Arlene alifungua ule mfuko wa takataka. Gundi ya karatasi ilikuwa imekufa kwa baridi, kwa hiyo akatoa utepe wa gundi aliokuja nao mfukoni, akabandika ya kwanza kwenye mlango wa chuma, katikati kabisa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mwalimu amekuja kutazama. Anza."

Corinne alikohoa. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo tunachagua. Sheria ya leo ni hii: kabla ya kulipinga wazo, taja kwanza uzuri wake."

"Naanza na Ray," Lottie alisema, akipiga mlango kwa kiganja. "Uzuri wake, mlango wake hauyumbi. Ubao mzuri sana huu."

Walicheka mpaka moshi wa pumzi ukawafunika. Ndani, kiti kilikwaruza sakafu na nyayo zikakaribia. Zilisimama upande wa pili, karibu kabisa.

"Haya, hili," Corinne alisema, sasa kwa sauti ya kawaida, akigusa karatasi ya njano. "Tuwaite vijana wa timu ya mpira wa magongo waje kukanda unga. Uzuri wake?"

"Mabega," Arlene alijibu.

Kitasa kilizunguka nusu, kikarudi. Mlango ukabaki umefungwa. Corinne hakugeuka kuutazama. Alibandua karatasi ya njano, akaihamishia juu ya mlango, mahali pa mawazo yaliyochaguliwa, na mama yake akamkatia utepe mwingine kwa meno.