Kijiti Kibichi Ndani ya Sufuria

Namshukuru Mungu, Baba wa rehema, aliyeniamsha tena leo na magoti haya mabovu. Hata kuchoka ni zawadi ya aliye hai.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, hapa Bunia, mke wangu aliugua mgongo hata asiweze kutoka kitandani. Watoto walikuwa na nyumba zao, mmoja Aru, mwingine Aveba. Asubuhi nilifundisha shule ya msingi. Nikirudi nilipika, nilifua, nilimgeuza. Furaha aliyobaki nayo ilikuwa mmea wa kutambaa aliouotesha mwenyewe ndani ya sufuria iliyotoboka, dirishani mbele ya kitanda. Nao ukarefuka, ukaanguka hadi sakafuni.

"Baba ya watoto, unisimamishie ule," aliniambia. "Siye wawili, miye nayo, tukilala, nani ataangalia inje?"

Nilikuwa nimechoka. Sikutafuta mti mkavu. Nilikata kijiti kibichi kwenye uzio wa lupango, yaani ua wa nyumba yetu, kama tunavyofanya kuziba matundu, nikakichomeka, nikaufunga mmea kwa kamba ya mgomba. Ukasimama.

Baada ya majuma machache kijiti kilichipua. Mimi nilifurahi! Lakini mmea ukaanza kugeuka manjano. Jirani yetu, mama muuza muhogo, alipokuja kumwona mgonjwa, alicheka hadi akashika mlango.

"Mwalimu! Weye unapanda lupango mu nyumba? Ule muti iko nakula chakula ya mwenzake!"

Mke wangu naye alicheka, mgongo ukamuuma, akacheka tena. Kisha akayatazama yale majani.

"Usiache ikufe," akasema.

Nilikivuta kijiti. Mizizi ilikuwa imeshikana, mmea ukatoka nacho ukakatika. Kipande kimoja tu kilibaki na mzizi. Nikakipanda upya, safari hii na tete kavu, naye akiniongoza kutoka kitandani:

"Usikaze sana, baba. Haiko mbuzi."

Alikitazama kila asubuhi. Jani moja jipya aliliona. La pili nililiona peke yangu, kitanda kikiwa kitupu.

Hadi leo tete huoza, nami hulibadilisha. Kwa uzee huu fundo huchukua muda mrefu, na bado nafunga kwa kulegeza, kama alivyoniagiza.

Wewe unayesoma, Bwana akutegemeze mgongo wako unapochoka, na mkono wake usikukaze kupita nguvu zako. Amina.